Maini ya Mama Mkwe

Mama mkwe alijua nina mimba kabla yangu. Alikuwa amekuja kwetu Yamumbi kwa wiki moja tu, akaniona nikitematema mate nyuma ya nyumba, na tangu siku hiyo hakutaja tena habari ya kurudi kwake. Asubuhi iliyofuata alirauka, akavuka matope hadi kwa bucha, akarudi na maini.

Aliyapika kila siku. Aliyakaanga kwa vitunguu na dania, akaniwekea mezani, kisha akaketi kwenye kigoda pale mlangoni, mikono magotini, akinitazama.

"Maliza yote," alisema. "Mtoto ndiye mwenye anakula, si wewe."

Mume wangu alifanya kazi Timboroa na kurudi nyumbani Jumamosi. Nilipomlalamikia alicheka, akasema wenzangu wanaomba wapate mama mkwe kama huyo. Nilitamani kumrushia sufuria.

Kisha nikaenda kliniki. Nesi aliniuliza ninakula nini, nikamjibu kwa majivuno kidogo, naye akaweka kalamu chini. Alisema maini yamejaa vitamini A, na kwamba mtoto akiwa bado mdogo kuliko punje ya harage, vitamini hiyo husaidia kuupanga ubongo, sehemu ya nyuma, ile inayotuwezesha kutembea bila kuyumba, iwe wapi, iishie wapi. Ikikosekana, sehemu hiyo haijengeki vizuri. Ikizidi mno, mpango unaweza kuvurugika. Kipande kidogo mara moja kwa wiki kingetosha. Mboga na viazi vitamu nile nitakavyo. Nikamuuliza ubongo huanza kujengwa lini. Akasema wiki ya tatu, ya nne, wakati wanawake wengi hata hawajajua.

Nilihesabu kwa vidole nikiwa juu ya boda boda. Nilikuwa nimekula maini wiki tatu nzima. Naona aibu kusema kwamba nilichofikiria kwanza hakikuwa mtoto. Nilifikiria nitamwambiaje yule mama.

Sikumwambia. Akigeuka kidogo tu, nilitia vipande kwenye mfuko wa sweta vikiwa bado moto, baadaye nikamtupia mbwa wa jirani. Mvua ilinyesha siku nenda siku rudi. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja, na kigoda chake kilikuwa hapo hapo. Nilichukia harufu ya vitunguu, nikamchukia yeye, nikajichukia mwenyewe.

Aliyenichoma, akafichua siri yangu, ni mbwa huyo. Aliingia mchana mmoja, akampita mama mkwe, akaanza kunusa mfuko wangu. Mama mkwe aliinuka, akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha maini.

Hakunigombeza. Aliniambia kwamba katika mimba yake ya kwanza, jua likianza kuzama alikuwa haoni, alijigonga kwenye milango na watu wakamcheka. Mtoto alizaliwa asubuhi, jioni haikumkuta hai. Kwenye zahanati walimwambia mwili wake ulikosa vitamini, kwamba alipaswa kula maini.

Nikamwambia yote aliyosema nesi. Sikuwa na pa kukimbilia.

"Kwa hivyo wangu alikufa kwa kukosa," alisema, "na huyu mimi ndio namuumiza nikimpatia?"

Nilisema sijui. Nesi mwenyewe alikuwa amesema hajui kama maini niliyokula yameshamdhuru mtoto. Mama mkwe akavuta sahani, akala maini yote akiwa amesimama, machozi yakimtoka, hakuacha hata kipande kimoja.

Mtoto alipozaliwa, mama mkwe alimpokea na kupitisha vidole kichwani, kutoka utosini hadi kisogoni, mara tatu, kabla hata ya kuuliza ni msichana au mvulana.

"Nje iko sawa," akasema. "Na ndani tutajuaje?"

Sasa binti yangu anatembea. Hajambo, anacheka, anatukana kuku. Lakini akijikwaa kwenye kizingiti, kama watoto wote wanavyojikwaa, mimi na mama mkwe tunaangaliana.