Sweta Lililobaki Mikono

Chekeni tu, jamani, msijibane, maana mpaka leo nikipita pale mferejini mbele za watu najifunika uso kwa khanga, na hapa Rujewa bado wapo wanaoniona kwa mbali wakapaza sauti, "Mama Uzi, hujambo? Kandambili unazo?" Najibu ninazo, napita zangu.

Mnajua mimi si wa huku. Kwetu ni Misuku, ng'ambo ya mpaka, upande wa Malawi, milimani, ambako mwezi wa saba ukitoka nje asubuhi meno yanagongana, ukungu umekaa mlangoni kama umealikwa, na kila mwanamke anajua kufuma kwa sababu usipofuma watoto watakohoa. Nikaolewa na Maganga, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia huku Usangu na ng'ombe wao zamani, tukashuka basi hapa wakati wa kiangazi, na mimi nikabaki mdomo wazi: jua! Jua la asubuhi, la mchana, la jioni, nguo zinakauka hujamaliza kuanika, mpunga umeshavunwa, upepo unanukia pumba, na maji ya mfereji yanatembea taratibu kama hayana pa kwenda. Niliipenda nchi hii kuliko nilivyompenda bwana mwenyewe (asisikie). Nilikuwa nakaa pale ukingoni, miguu ndani ya maji, nafuma huku naota ndoto za mchana, nikija kuzinduka ng'ombe wa watu wanarudi nyumbani.

Shida yangu ilikuwa mama mkwe. Hakunisema vibaya hata mara moja, ila jina langu kwake lilikuwa "mgeni". Mpeni mgeni kiti, mgeni amekula? Na mgeni hatumwi, hashiki mwiko, haulizwi neno. Nilikuwa naumia jamani, nilitamani nitumwe hata chumvi.

Basi wifi yangu Pendo, aliyeolewa Iringa, akaja kujifungulia uzazi wa kwanza kwa mama yake, akapata binti. Siku moja kabla hajarudi kwake, akina mama wa mtaani wakasema wanakuja kumpongeza mzazi, na asubuhi hiyo mama mkwe akaniita: "Mgeni, nenda mashineni ukachukue mchele. Watu watakula saa saba. Usichelewe."

Nimetumwa! Nilitoka naruka. Na kwenye mfuko nilikuwa na sweta la njano la mtoto, maana Iringa kule juu kilimani ni baridi ya kwelikweli, mikono nimeshaifuma pembeni, kiwiliwili tayari, bado shingo tu. Nikajisemea, leo nawapa mchele, nawapa sweta, leo ugeni unaisha.

Mashineni sikukuta foleni. Mchele wangu nikaupata chapuchapu, nikajitwika kiroba, narudi, na nilipofika mferejini (hapa ndipo nilipojimaliza) nikasema nikae kidogo tu, nimalizie shingo, muda si upo? Nikavua kandambili, miguu ndani. Maji ya uvuguvugu, kereng'ende wanacheza, na mimi nikaanza kumwona yule binti amekua, anakimbia Iringa kwenye ukungu na sweta lake la njano, ananiita mkaza mjomba, eti meno mawili ya mbele yameng'oka...

Nazinduka, jua liko utosini! Nikachomoa sindano za kufumia zisinichome njiani, nikazichomeka kwenye nywele, sweta nikalitupia mfukoni, kiroba kichwani, mbio. Donge la uzi sikulikumbuka. Likanasa kwenye nyasi, na mimi huyoo.

Nafika, akina mama wamejaa mkekani, maji ya wali yamechemka mpaka yanakaribia kukauka, na mama mkwe amesimama mlango wa jikoni.

"Mashineni kulikuwa na foleni, mayu," nikasema. (Mayu ni mama, kwa Kisukuma, nilidhani itamlainisha.)

Aliniangalia miguu. Mimi kwa kiherehere, ili tuhamishe mazungumzo, nikatangaza kwa sauti kwamba na zawadi nimeleta, nikatia mkono mfukoni, nikainua juu. Mikono miwili midogo. Basi. Kiwiliwili kimefumuka chote njiani, na uzi wake ulikuwa unatoka mfukoni, unavuka uwanja, unapotelea kule nilikotoka.

"Wifi," Pendo akaniuliza taratibu, "mwanangu atavaa mikono peke yake?"

Mara tukasikia hodi. Ni jirani yetu, mzee Masanja, anaswaga ng'ombe mwenye uzi wa njano umemzunguka pembe zote mbili, na mkononi ameshika kandambili zangu.

"Nani kamfunga ng'ombe wangu? Na hizi nimezikuta mferejini, pale anapokaaga yule mkwe wako."

Mama mkwe akanigeukia. "Kumbe mashineni siku hizi foleni inapangwa ndani ya maji?"

Mkeka mzima ukaangua kicheko. Mimi nikalia. Nililia kweli, peku, sindano kichwani kama tausi, nikijua nitakufa nikiitwa mgeni.

"Nyamaza," akasema mama mkwe. "Wenzako watapika. Wewe kaa hapa ufume. Mjukuu wangu haendi Iringa na mikono mitupu."

Basi wakautoa ule uzi kwenye pembe za ng'ombe, wakauzongazonga kwa zamu, una tope, una pumba, una mavi ya ng'ombe, na mimi nikafuma katikati yao mpaka giza linaingia. Mtoto aliondoka nalo. Wiki ile ile Pendo akapiga simu: mtoto halali bila lile sweta, na limefuliwa lakini bado linanuka zizi.

Tangu hapo nikitumwa mchele, uzi unabaki nyumbani, na sichomoi sindano kazi haijafungwa, hata nyumba iwe inaungua. Na natumwa kila siku, mpaka nachoka.

Juzi nimekaa pale ukingoni, nikasikia mtu anashusha pumzi nyuma yangu. Mama mkwe. Akavua kandambili, akakaa kando yangu, akatia miguu ndani ya maji.

"Na mimi nilikuja huku mgeni," akasema. "Miaka yote hii, sijawahi kukaa hapa."

Tulipoinuka akatangulia, anaongea mambo ya kwao kule alikotoka, hata hana habari kwamba yuko peku. Nikaziokota kandambili zake, nikamfuata nyuma, sikumwambia kitu mpaka tumefika nyumbani.