Anatafuta printa isiyokunja kadi

Saa nne asubuhi, Jumamosi. Stellah Nzula anasimama mbele ya kaunta ya duka la tatu katikati ya jiji la Nairobi, anafungua bahasha ya kaki na kutoa kadi nyeupe, ngumu kiasi kwamba ukiigonga kwa ukucha inalia.

"Nichapie kitu kwa hii," anamwambia muuzaji. "Chochote. Hata jina lako."

Muuzaji anaipapasa, anaangua kicheko. "Madam, hii si karatasi. Hii ni mbao!"

Nzula hacheki. Maneno kama hayo ameshayasikia duka la kwanza, akayasikia na la pili. Anairudisha kadi yake bahashani, anashukuru, na huyoo, duka la nne.

Anachotafuta ni printa ya nyumbani inayoweza kuchapa picha kwenye kadi nzito, ya gramu mia tatu kwa mita mraba, bila kuikunja wala kuitafuna. Nzula, mwenye umri wa miaka 41, ni mfanyakazi wa nyumbani mtaani Kileleshwa. Vyombo vikishaoshwa na nguo kuanikwa, yeye hukaa mezani na mkasi na gundi kutengeneza albamu za kumbukumbu: picha, maua ya karatasi, na maneno machache pembeni ya kila picha.

Kazi hiyo aliikuta kwa mwajiri wake, Wangui, ambaye yeye humwita Mama Shiru. Wangui alianza albamu ya bintiye, akachokea ukurasa wa nne.

"Nilikuwa nasafiri Kisumu kikazi, nikamwachia Stellah kila kitu," Wangui anasimulia. "Kurudi, nakuta imekwisha. Nililia, sikudanganyi. Ameandika siku Shiru aling'oka jino la kwanza, ameandika alichosema. Mimi mamake nilikuwa ofisini, sikujua hata nusu."

Rafiki zake wa Spring Valley waliiona, nao wakataka za watoto wao. Sasa Nzula hutengeneza albamu mbili au tatu kwa mwezi, kila moja shilingi 4,500. Kuchapa ndiko kunakomtoa jasho, kwa sababu vibanda vingi vya uchapaji vikiona kadi yake vinamwonyesha mlango.

Lakini msomaji, usidhani mama huyu anazunguka juani kwa ajili ya wateja peke yao. Ana albamu moja ambayo hakuna aliyemwagiza.

Ni ya bintiye, Kasiva, aliyemzaa kwao Mwingi miaka 19 iliyopita. Mtoto alipofikisha miezi minane, Nzula alimpeleka studio ya pale sokoni wakapigwa picha, amempakata kifuani. Wiki iliyofuata akapanda basi kuja Nairobi kutafuta kazi. Kasiva akabaki kwa nyanyake.

"Alijua kuongea mimi niko huku," anasema Nzula. "Lile neno mwaitu, yaani mama, akampa nyanyake. Mimi akaniita anti. Sikumkosoa. Ningemkosoa nikiwa nani?"

Anaipanga upya bahasha mkononi. "Shiru nimemlea, najua homa zake zote. Wangu, mimi huambiwa tu alikuwa mgonjwa, sasa amepona."

Mwaka jana, Kasiva akikaribia kumaliza kidato cha nne, Nzula aliamua naye awe na albamu yake. Wakati huo ofisi moja Hurlingham ilikuwa inahama, ikauza printa kuukuu, kubwa, yenye mbio, kwa bei ya kutupa. Aliinunua. Rahisi ghali, wahenga hawakukosea.

Akaitoa ile picha ya studio kwenye Biblia alikoitunza, akaibandika kwenye kadi. Halafu akataka jina na tarehe zichapwe chini yake. Akaisukuma kadi ndani ya mashine, picha ikiwa juu.

"Mimi ambaye huwaambia watu kila siku, chapa kwanza, bandika baadaye!" anasema, akijipiga kipaji cha uso. "Sijui nilikuwa na haraka ya nini, jamani."

Mashine ikaivuta kadi, ikaipindua tumboni mwake, ikatoa mlio mkavu, ikanyamaza. Fundi aliyeitwa kuitengeneza, Kitavi, alipoifungua, alitoa vipande. Mtoto alikuwa mzima. Mikono miwili iliyompakata ilikuwa mizima. Uso wa mama ulikuwa umekunjamana na kuungua, hautambuliki.

"Ilikuwa picha yetu pekee akiwa mchanga. Na simu nilikuwa nayo mfukoni! Sikuwaza kuipiga picha kwanza. Miaka kumi na saba nimeitunza, mashine ikaimaliza kwa dakika moja."

Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndiyo maana leo anatembea na kadi yake mwenyewe, na hanunui kitu kabla hajaona kwa macho.

Katika duka la nne, muuzaji ni Obuya, mwanamume wa makamo mwenye miwani. Huyu naye anaipapasa kadi, lakini hacheki. Anauliza, "Ile uliyokuwa nayo, karatasi ilikuwa inaingilia wapi?"

"Chini, kwa mbele. Inapinduka ndani, inatokea juu."

"Basi hapo ndipo ulipoponzeka, mama. Kadi nzito haitaki kupinduliwa. Chukua hii inayoingiza kwa nyuma, ipite ikiwa imenyooka. Na wino wake ni wa maji, unaingia ndani ya kadi. Ile ya wino wa unga inaukaanga juu juu tu, ukikunja kidogo unabanduka."

Bei yake ni shilingi 36,000. Imemchukua mwaka mzima kuziweka.

"Maneno matamu hayo," anasema Nzula. "Sasa chapa nione."

Anamtumia Obuya picha kutoka kwenye simu. Ni kile kipande kilichookolewa, ambacho safari hii alikumbuka kukipiga picha. Kadi inaingia kwa nyuma, polepole, na Nzula ameukumbatia mkoba wake kwa nguvu.

Inatoka imenyooka. Mtoto mwenye mashavu ya duara na kofia ya sufu, amekaza macho. Chini yake mikono miwili, katika gauni la manjano, imemshika. Nzula anaipokea kwa viganja vyote viwili, anaitazama muda mrefu. Kisha anamwambia Obuya, kwa sauti ya chini, amfungie printa hiyo.

Septemba, Kasiva anakuja Nairobi kuanza masomo ya uuguzi. Tangu alipokuwa na miezi minane, hii itakuwa mara ya kwanza yeye na Nzula kuishi mji mmoja. Nzula anataka ampokee na albamu, na picha hiyo iwe ukurasa wa kwanza.

Mama Shiru amemshauri aandike chini yake: Mimi na mama. Nzula amekataa katakata.

"Nikiandika, atasoma tu, afungue ukurasa mwingine," anasema. "Nitaacha hivyo hivyo. Nataka aniulize mwenyewe, hii mikono ni ya nani."