Diski Mbili za Baba

Niite mwongo ukipenda, wenzangu shuleni walishaniita. Lakini mlango niliufungua kwa mkono wangu mwenyewe, mchana wa Jumamosi, jua likiwaka Kayole nzima.

Baba alikuwa akipiga video za harusi na mazishi. Kazi zake zote, pamoja na video zetu za nyumbani, zilikaa kwenye kompyuta yenye diski mbili alizoziunganisha zifanye kazi kama moja. Alinieleza mimi peke yangu: "Kila video inakatwa vipande, vingine huku, vingine kule. Ndiyo maana ina mbio. Lakini ukitoa diski moja, umeua zote." Alikuwa akingoja kununua ya tatu ya kuweka nakala. Akafa kabla.

Baada ya mazishi wakubwa walikaa sebuleni kugawa vitu vyake. Baba mdogo akaifungua kompyuta kwa bisibisi, akaona diski mbili, akafurahi.

"Hapa hakuna kuvutana, shemeji. Moja yako, moja yangu."

Mama akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na birika la chai. Unadhani nilisema? Mimi hata mwalimu akiniuliza jina, sauti hupotea. Nikamwongezea baba mdogo chai. Jioni hiyo hiyo akaifuta diski yake ajaze sinema.

Mama alitaka kitu kimoja tu, kuisikia sauti ya Baba. Kila siku aliwasha ile mashine, video zikakataa kufunguka, akaniuliza imeharibikaje. Nikasema sijui.

Basi Jumamosi hiyo Mama alikuwa juu ya paa akianika nguo, stima zimepotea tangu asubuhi, hata taa haziwaki. Akabisha hodi mzee mmoja aliyevaa koti zito la kahawia, na joto lile.

"Nimefuata harusi yangu," akasema. "Tulifunga kanisani uzeeni, watoto sita wakitusimamia. Kitinda mimba alilia kuliko bibi harusi."

Nikamwambia haifunguki. Akaketi mbele ya kompyuta.

"Nani alichomoa?"

"Baba mdogo."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Mzee akaweka kiganja kwenye skrini, ikawaka. Bila stima, niamini. Nikamwona yeye na mkewe na keki, na nyuma ya kamera nikasikia Baba akicheka: "Mzee, mlishe polepole, haendi popote."

Nilipanda ngazi mbio nikimwita Mama. Tuliposhuka kiti kilikuwa kitupu, skrini nyeusi, baridi.

Jumanne yule mama wa kwenye keki akaja kuulizia video. Alishika kijitabu cha programu ya mazishi ya mumewe, na pichani mzee alikuwa na koti lile lile. Alizikwa wiki mbili kabla ya Baba.

"Hiyo harusi ndiyo nimebaki nayo," akasema.

Mama akanitazama. Nikasema diski iliharibika yenyewe. Ndiyo, hata baada ya yote niliyoyaona.

Sasa kila Jumamosi Mama huketi mbele ya mashine akimngoja mzee arudi. Hapiki. Baba mdogo anasema amechanganyikiwa. Habari ya mzimu Mama aliniamini mara moja, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu ile habari nyingine, ya kwamba nilijua, bado sijamwambia.

Wewe unayesoma, wakubwa wakikosea na wewe unajua, sema hapo hapo, hata wakikufukuza. Yule mzee aliniuliza mara moja akaenda zake. Mimi naishi na Mama.