Salamu za Mwalimu Jepkemboi

Mimi naitwa Murunga, fundi wa mitambo ya redio, na kwa miaka sita nimegombana na mwanamke mmoja juu ya salamu. Jina lake Jepkemboi. Mkimsikia saa saba mchana akisema, "Hii ni Dunia Saa Hii, nami ni Jepkemboi, hapa Eldoret," mnadhani ni malaika. Njooni mkae naye kwenye kale kachumba ketu, ghorofa ya pili juu ya duka la dawa za mifugo, mnuse dawa ya kupe kutwa nzima, halafu mniambie.

Kipindi chenyewe ni cha habari za kimataifa na kinaenda hewani moja kwa moja. Shirika liko ng'ambo, mkubwa wetu yuko Nairobi, wasikilizaji wako kila mahali Kiswahili kilipofika. Mtangazaji tu ndiye yuko Eldoret, kwa sababu alikataa kuhama. "Niende Nairobi nikafanye nini?" aliwaambia walipompa kazi. "Ng'ombe za mama zitakamwa na nani?" Alizaliwa Kapseret, karibu na uwanja wa ndege, na ukimuuliza sauti ile aliitoa wapi, atakwambia alijifunza kumwita baba yake malishoni huku ndege zikipita juu. Baadaye alifundisha Kiswahili shule ya msingi miaka tisa. Ndiyo maana namwita Mwalimu hata nikiwa nimekasirika, na mimi hukasirika sana.

Hapo chini mlangoni kwetu kuna Waiyego, muuza viazi, ambaye humlaumu kwa kila kitu kinachotokea duniani. "Wewe Jepkemboi, mbona umeacha mafuta yapande tena?" Badala ya kupita, Mwalimu husimama akajitetea kama vile ni yeye aliyeyapandisha. Kisha aulize watoto, mmoja mmoja kwa jina. Aulize goti la Waiyego. Aulize viazi. Mimi niko pale ngazini na hedifoni shingoni, tumebakisha dakika kumi twende hewani, roho iko juu juu!

Hayo ya mlangoni ningeyavumilia. Shida ni kwamba hewani alikuwa anafanya vivyo hivyo. Mgeni yuko kwenye simu, ana dakika nne tu za kutueleza uchaguzi wa kwao, na Mwalimu anamuuliza kama mvua imenyesha. Mimi huku nyuma ya kioo nafyeka shingo kwa mkono, ile ishara yetu ya kata, kata! Yeye anatabasamu.

"Mwalimu, hii ni redio, si harusi!" nilikuwa namfokea kila siku.

"Murunga, mtu hujamsalimia, atakwambia nini cha maana?"

Basi tukaletewa mkubwa mpya huko Nairobi, Zachariah, kijana wa haraka. Jumatatu yake ya kwanza akapiga simu. Kuanzia leo hakuna salamu hewani, akasema. Jina la mgeni, swali, jibu, kwaheri. Anatupa mpaka Ijumaa. Akisikia salamu hata moja, kiti cha mtangazaji kinahamia Nairobi, na Jepkemboi atabaki kuripoti bei ya mahindi.

Naona aibu kusema, lakini nilifurahi. Nilifurahi kama saa moja hivi, kisha nikakumbuka kwamba kiti kikihama, mitambo nayo inahama, na mimi Murunga nitahamia wapi?

Siku nne Mwalimu alitii. Tukamaliza kwa wakati, sekunde kwa sekunde, na kipindi kikawa kama ugali bila mboga. Wageni walijibu kana kwamba wako kituo cha polisi. Alhamisi nilimkuta amekaa ngazini na chupa yake ya chai, hajaifungua. Hata Waiyego hakumlaumu kwa lolote siku hiyo.

"Bei ya mahindi siogopi, Murunga," akaniambia. "Nitaitangaza vizuri tu. Lakini hiki kipindi nakipenda. Kikienda nitalia, na sitaona haya kulia."

Nikaifungua ile chupa. Nikammiminia chai.

Ijumaa habari kubwa ilikuwa mgomo wa wafanyakazi wa viwanja vya ndege huko Ulaya. Siku ya tano, maelfu ya abiria wanalala sakafuni. Zachariah alikuwa amepata mgeni wa ajabu: Mama Jelagat, mwenye miaka sabini na minane, mtu wa Kapseret kabisa, aliyekwama huko uwanjani akirudi kutoka kumtembelea mjukuu wake Ashley. Ashley alikuwa naye palepale, ameshika simu. Redio mbili zilikuwa zimemjaribu asubuhi hiyo, na mara zote mbili mama alimrudishia Ashley simu bila kusema neno.

"Akiongea kwetu tumewashinda wote," Zachariah akatuambia kwenye hedifoni kutoka Nairobi. "Jina, swali. Mmenisikia?"

Tukaingia hewani.

"Mama Jelagat, umelala sakafuni siku tano. Hali ikoje hapo uwanjani?"

Kimya.

Sasa, kwenye redio kimya ni ajali. Kikifika sekunde kumi, mashine ya Nairobi inadhani tumekufa, inapiga muziki yenyewe. Nikaanza kuhesabu. Moja, mbili. Namsikia mama anapumua, yuko! Tatu, nne. Zachariah anafoka, "Uliza tena!" Tano. Mwalimu ananitazama kupitia kioo, ameshika meza kwa mikono miwili, na najua neno lililo mdomoni mwake, na najua kwa nini halitoki. Sita.

Wueh! Sijui nini kilinipata. Nikabonyeza kitufe cha kuongea naye: "Msalimie! Mwalimu, msalimie huyo mama, lawama nitabeba mimi!"

"Chamgei, kogo," akasema Mwalimu. Chamgei ndiyo hujambo ya Wakalenjin, na kogo ndivyo wanavyomwita nyanya.

"Chamgei mising!" Sauti ikatoka nzima, imechangamka. "Ala! Kumbe huko kuna watu! Wewe ni wa nani?"

"Jepkemboi, wa Mzee Kipyego, Kapseret."

"Kipyego namjua! Mvua imenyesha?"

"Jana jioni, kogo, na leo kumetulia. Umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri. Hao wengine walinipigia maswali kama askari, hata hujambo hakuna. Nikaona hawana adabu, nikawarudishia simu yao."

Basi mama akafunguka. Akatuambia kila asubuhi anazunguka akisalimia watu wote, abiria na wagomaji, na Ashley anatafsiri. Kiongozi wa wagomaji, mama mmoja mnene, humletea chai. "Haina maziwa, lakini nilikunywa, ningefanyaje?" Na asubuhi hiyo kiongozi huyo alikuwa amemwambia kwamba wameelewana na waajiri. Kesho wanarudi kazini.

"Amesema nini?" Zachariah akauliza masikioni mwetu, polepole kabisa. Hakuna redio iliyokuwa na habari hiyo.

Mwalimu hakurukaruka. Alimhoji Ashley, Ashley akathibitisha alivyosikia, kisha Mwalimu akawaambia wasikilizaji kwamba wagomaji wenyewe hawajatangaza rasmi. Tulipita muda kwa dakika tatu. Habari za michezo nilizikata mimi, kwa mkono wangu mwenyewe, na sikujuta. Kabla ya saa tisa wagomaji wakatangaza yaleyale.

Simu kutoka Nairobi ikaja. Nikaiweka kwenye spika.

"Jepkemboi, nataka kujua..."

Mwalimu akakunja mikono, akanyamaza.

"Jepkemboi? Unanisikia?"

Kimya. Nikainua vidole nikaanza kuhesabu. Nilipofika sekunde ya saba, huko Nairobi mtu akakohoa.

"Habari ya mchana, Mwalimu?"

"Nzuri, Zachariah. Watoto wamepona homa?"

"Wamepona... umejuaje?"

"Niliuliza ofisini kwenu Jumatatu. Wewe ulikuwa na haraka."

Akacheka, nadhani bila kutaka. "Haya. Kiti kinabaki Eldoret. Salamu dakika moja, isizidi, Murunga ashike saa."

Mwalimu akafunika uso kwa viganja. Alilia kweli, na hakuona haya.

Nilikuwa naenda kukata simu nikasikia, "Murunga, bado uko? Wewe hujambo?"

Miaka sita, na hakuna mkubwa wa Nairobi aliyewahi kuniuliza hivyo. "Sijambo," nikasema, kisha nikajikuta namweleza habari za mgongo wangu, na za mke wangu, na za paa la nyumba yangu kule Huruma, nikaendelea, nikaendelea, mpaka nikainua macho nikamwona Mwalimu Jepkemboi, machozi bado mashavuni, ananifyekea shingo kwa mkono: kata, kata!