Bega la Kushoto

Mimi ni fundi cherehani, na mume wangu simpimi. Vipimo vyake viko kichwani. Bega lake la kushoto liko chini nusu inchi kuliko la kulia, na bega lingine la namna hiyo sijaliona.

Juzi nilikuwa nafuta vumbi kabati nililorithi kwa fundi aliyenifunza kazi, naye alilirithi kwa fundi wake, mwanamke aliyekufa kabla mama yangu hajazaliwa. Nikakuta daftari la vipimo la marehemu huyo. Juu kaandika jina la mume wangu. Kifua chake, kiuno chake. "Bega la kushoto, punguza nusu inchi." Na pembeni kachora ua!

Damu ilinichemka. Mume wangu alipoingia nilimtupia daftari kifuani.

"Baba watoto, huyu nani?"

Akalipapasa lile ua kwa kidole, taratibu.

"Alikuwa mke wangu. Mimi sifi, mama watoto. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

Na mimi miaka ishirini najigamba kwa majirani kwamba hazeeki kwa sababu namlisha vizuri! Lakini kutokufa kwake hakukuniuma. Kiliniuma kile kidole.

"Ulimpenda?"

"Kama ninavyokupenda wewe."

Hapo ndipo aliponimaliza. Nilichukua kalamu, nikamwandikia humo daftarini mke atakayenifuata, ambaye hata mama yake hajazaliwa: "Bega la kushoto, punguza nusu inchi. Maua usimchoree."