Dobi wa Nkuhungu aliyehesabiwa vichwa viwili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Yasinta Ndahani amechuchumaa kwenye kona ya ua, Nkuhungu jijini Dodoma, akipepea mkaa ndani ya pasi ya chuma. Makaa yanaposhika anafunga mfuniko, anaipitisha pasi juu ya kitambaa kilicholowa, anasikiliza mlio wake, kisha anaanza na kola ya shati jeupe.

Hatua sita kutoka alipo, mlango wa jirani yake Lydia bado umefungwa. Ndani, bomba linamwaga maji. Yasinta anainua uso, anasonya, anarudi kwenye kola.

"Unasikia?" anamuuliza mwandishi. "Maji ndani kwa ndani. Yeye anafungua tu. Mimi ndoo yangu naibeba kichwani, na nimeinunua."

Shati analolipiga pasi ni la Lydia.

Yasinta, mwenye umri wa miaka 43 na mtoto mmoja, Kefa, aliye sekondari ya bweni, anafua na kupiga pasi nguo za watumishi wa serikali. Vikao vya Bunge vinapoanza kazi humfurika, maana mji hujaa watu wanaotaka mashati yaliyonyooka. Shati moja ni shilingi 500, suti ni 3,000. Alitoka Mpwapwa miaka tisa iliyopita, na saba kati ya hiyo ameishi kwenye chumba hiki kimoja.

Nyumba ina vyumba sita. Vitano vinatumia luku moja, mita ya umeme wa kulipia kabla, na kila mwezi wapangaji huchangia umeme kwa vichwa. Mwenye nyumba, Mzee Optatus, anaishi nyumba ya nyuma yenye mita yake mwenyewe. Ndiye aliyepanga hesabu, na kwa hesabu yake kila mpangaji alikuwa kichwa kimoja isipokuwa Yasinta. Yeye alikuwa viwili.

"Alisema anayepiga pasi anakula umeme wa watu wawili," anaeleza Yasinta. "Nikasema sawa, basi naacha ya umeme. Nikanunua hii ya mkaa. Nikampelekea hadi mlangoni, nikamwambia, shikamoo mzee, pasi yangu ndiyo hii, haina waya. Akaiangalia, akaniambia, 'Leo mkaa, kesho umeme. Mimi nitajuaje?'"

Akaendelea kulipa 12,000 wakati wenzake wanalipa 6,000. Chumbani kwake kuna taa moja na chaja ya simu. Mwandishi wa makala haya naye ni mpangaji kwingineko, na hakuona cha kucheka.

Lydia hayumo kwenye hesabu hiyo. Ni karani wa ofisi, ana miaka 29, alihamia chumba cha mbele miaka mitatu iliyopita na kulipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kabla ya kutoa fedha alidai mambo matatu yaandikwe kwenye mkataba: mita yake, bomba lake na dari mpya. Akapewa yote.

"Nisikudanganye, nilimwonea wivu tangu siku fundi anapiga misumari ile dari," anasema Yasinta. "Mimi bati limetoboka juu ya kitanda mwaka wa nne huu. Kila nikisema naambiwa subiri. Yeye hata sanduku hajafungua, dari ipo!"

Tundu hilo lilimtia hasara kubwa msimu uliopita. Mvua ilinyesha yeye akiwa ametoka kupeleka nguo za watu, na maji yenye kutu yakadondokea suti ya kijivu ya mteja wake mkubwa. Doa lilikataa kutoka. Alilipa suti ile kidogo kidogo kwa miezi minne, na mteja hakurudi. Akaondoka na wenzake watatu wa ofisi moja. Mvua za mwaka huu hazijaanza, lakini ni Novemba na mawingu yameshaanza kujikusanya. Yasinta anasema akiharibu nguo nyingine, kazi ya udobi imekwisha.

Wivu ule ulizaa tuhuma. Luku ilipokuwa ikiisha mapema kila wiki, Yasinta alianza kunong'ona na wapangaji wenzake kuwa friji la Lydia limeunganishwa kwenye umeme wao, waya umepitishwa juu ya ile dari mpya.

"Nilisema mita yake ni ya mapambo," anakiri. "Na nilivyokuwa nasema, hata mimi mwenyewe niliamini."

Jumapili moja mwezi Septemba, baada ya ibada, wapangaji wa vyumba vitano walizima kila kitu. Wakakusanyika mbele ya luku iliyo ukutani karibu na geti. Taa nyekundu ya mita, ambayo hukonyeza pale umeme unapotumika, iliendelea kukonyeza upesi upesi.

Yasinta hakusubiri. Alikwenda kugonga mlango wa Lydia kwa kiganja.

"Nilimwambia, toka uone unavyotunyonya!"

Lydia alitoka na khanga, akasikiliza. Alirudi ndani akazima swichi kuu ya chumba chake, akaja kusimama nao. Taa ikaendelea kukonyeza vilevile.

"Ndipo nikasikia mngurumo," anasimulia Lydia. "Nikamwambia, mama Kefa, hiyo siyo pampu ya mzee?"

Nyuma ya nyumba Mzee Optatus ana kisima. Pampu huvuta maji hadi kwenye tanki, na maji hayo huwauzia wapangaji shilingi 200 kwa ndoo. Mwamvua, mpangaji anayekaanga vitumbua hapo uani, alizunguka akaizima mwenyewe. Mbele ya luku, taa ikatulia.

"Tulikuwa tunalipia umeme wa kuvuta maji, halafu tunauziwa maji yaleyale," anasema Mwamvua. "Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ningefanyaje?"

Yasinta hakucheka. Anasema alikuwa anatafuta pa kuficha uso.

Mwandishi alimkuta Mzee Optatus kwenye kiti chake kando ya tanki. Hakuonyesha kujuta sana. "Pampu inavuta maji ya nani? Si wanakunywa wao?" aliuliza.

Wapangaji waligoma kununua luku. Siku ya kwanza ua ulikuwa giza, ya pili tanki likakauka, na ya nne mzee akaleta fundi kuihamishia pampu kwenye mita yake. Mchango umeshuka hadi 2,500 kwa kichwa, na Yasinta sasa ni kichwa kimoja. Bati, hata hivyo, ameambiwa ni mambo ya mwakani.

Siku zile za mgomo ndizo anazozikumbuka kwa uchungu zaidi. Simu za ua mzima zilichajiwa kwa Lydia, yake ikiwemo.

"Nimemwita mwizi, halafu nampelekea simu anichajie! Akaipokea, akaniambia, 'Karibu ndani, mama Kefa.' Nikaona friji, nikaona ile dari, nyeupe, haina hata doa. Nilimwomba radhi pale pale na akanisamehe. Lakini wivu haukutoka. Uliongezeka."

Na sasa umepata chakula kipya. Mwisho wa mwezi huu Lydia anahamia kwenye nyumba yake mwenyewe aliyoijenga pembezoni mwa mji. Chumba kitakuwa wazi. Kodi yake ni 90,000 kwa mwezi na mzee anataka ya miezi sita. Yasinta ameshakusanya 410,000, baada ya kuuza mbuzi wawili kwao. Mwamvua naye anakitaka.

Lydia alimwomba mzee amwekee Yasinta chumba hicho, asimpe mtu mwingine, hadi tarehe 30, na mzee akakubali mara moja.

"Unaona?" Yasinta anaweka pasi chini. "Mimi mwaka wa nne nasema bati, halijasogea. Yeye kasema neno moja, chumba kinanisubiri mimi. Namshukuru, Mungu ambariki. Ila inaniuma."

Baada ya mashati, anatandika mezani mapazia ya Lydia, ya rangi ya maziwa, aliyopewa ayafue kabla ya kuhama. Anayanyoosha polepole kuliko nguo nyingine zote. Anasema ameshamwomba ayaache dirishani.

Hadi tarehe 30 amebakiza siku kumi na moja na shilingi 130,000. Ili azipate, amekubali nguo za wateja wapya tisa, na usiku huzitandaza upande wa chumba usiovuja.

"Nikiingia mule, kitu cha kwanza nitachomeka pasi ya umeme, kwenye mita yangu," anasema. "Halafu haya mapazia nitayafungua yote, mtu akipita anione. Sitaki makubwa. Nataka asubuhi moja tu, mtu asimame hapa nilipo mimi, anionee wivu."

Kutoka kwenye karai la vitumbua, Mwamvua anajibu bila kugeuka.

"Mimi mbona nimeshaanza, dada."

Yasinta anaangua kicheko, kisha anaongeza mkaa kwenye pasi.