Nilifunga filter ya wazi kwenye cc 1000, mashangazi wakapanda mlima wa Pugu kwa miguu

Wakuu, salama humu? Haya yamenikuta mwenyewe. Mashahidi ni shangazi zangu watatu, ambao bado wamenuna.

Nina kigari cha cc 1000, silinda tatu. Rafiki yangu Side wa Temeke akanishawishi nitoe boksi la filter lililokuja na gari, nifunge ile filter ya wazi yenye umbo la koni.

"Injini itapumua, braza. Utasahau kama ni cc 1000."

Mie hubisha kila kitu, ila tulipoifunga nikausikia muungurumo mpya, nikaamini.

Jumamosi nikapewa kazi ya kupeleka Pugu keki ya send-off ya dada, pamoja na mashangazi. Keki ya krimu, jua la saa nane. AC lazima iwake.

Kufika mlimani, kigari kina kelele za lori, mwendo wa mkokoteni.

"Baba, si ulisema umeiongezea nguvu?" akauliza Shangazi Zuhura, mwenye mwili kuliko wenzake.

"Nimeiongezea hewa, shangazi."

"Hewa gani isiyopanda mlima?"

AC nayo inakula nguvu ya injini. Nikizima, krimu inayeyuka na dada anaaibika ukumbini. Nikapaki pembeni, nikawaangalia.

"Kwa hiyo keki inabaki, sie tunashuka?"

"Keki haina miguu, shangazi."

Wakashuka na madera yao ya sare, viatu mkononi. Keki ilifika imesimama wima. Wao walifika na vumbi hadi magotini.

Kesho yake nikafungua boneti. Filter imekaa ubavuni mwa injini, inavuta hewa ya moto. Hewa ya moto ni nyepesi, oksijeni kidogo, mlipuko dhaifu, torque, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu, inashuka.

Na cc ndiyo ukubwa wa kifua cha injini. Filter haikipanui. Hewa nyingi yenye ubaridi inasaidia injini ikizunguka kasi sana, maana horsepower ni torque mara mizunguko ya injini kwa dakika, yaani rpm. Sasa nani anakimbiza rpm 6000 na keki ya krimu?

Nikarudisha boksi, nikapakia saruji yenye uzito wa mashangazi, AC ikiwaka, gia kwenye L, ile ya mlimani, kama siku ile. Ikapanda mlima uleule. Taratibu, ila hakuna mfuko ulioshuka kutembea.

Nilichojifunza: sikio halipimi nguvu, mlima unapima.

Wenye filter za wazi karibuni mnipinge, ila msiniletee video ya muungurumo. Nileteeni mlima na abiria.

Na tafadhali, Shangazi Zuhura asijue nilimkadiria mifuko mingapi.